Damu nyekundu ya konokono na vigae vinane vya mwamba

Ukimbana konokono wa kichocho kati ya vipande viwili vya kioo mpaka gamba lake lipasuke, damu inayotoka ni nyekundu. Ni nyepesi, kama maji yaliyooshewa nyama, lakini nyekundu kabisa. Mara ya kwanza kuiona nilikuwa na wiki moja tu tangu nianze kazi ya maabara hapa Mwanza. Nilisimama na kibano mkononi nikiitazama, mpaka fundi mwenzangu akaniuliza kama nimejikata.

Jumapili ile nilikwenda nyumbani Igombe, kando ya Ziwa Victoria, nikamsimulia bibi. Bibi yangu ni mtu wa kusikiliza mpaka mwisho kabla hajasema neno. Nilipomaliza alinyamaza kidogo, akaendelea kuchambua dagaa kwenye ungo, kisha akauliza: "Kwa hiyo ni ndugu yetu?"

Siku ile nilimwambia hapana, basi. Lakini swali lenyewe lilinishika, na tangu hapo limekuwa ndilo swali la kazi yangu. Nani ni ndugu wa nani, na tunajuaje?

Nianze na damu yenyewe. Wekundu wa damu yetu unatokana na hemoglobini, protini yenye chuma. Moluska wengi, yaani konokono na jamaa zao, hawaitumii hiyo. Pweza, ngisi na konokono wengi hutumia hemosianini, ambayo ina shaba, na damu yao ikipata hewa huwa na rangi ya buluu. Konokono wa kichocho na jamaa zake wa karibu, ukoo unaoitwa Planorbidae, ndio waliotoka kwenye mstari. Mwaka 2006 Bernhard Lieb na wenzake walichapisha uchunguzi wa hemoglobini ya Biomphalaria glabrata, ambaye ni ndugu wa konokono wetu anayeishi Amerika. Walionyesha kwamba hemoglobini hiyo ilitokana na protini nyingine, mayoglobini, ile inayotunza oksijeni ndani ya misuli. Mababu wa konokono huyu walikuwa wa damu ya buluu. Wekundu aliupata baadaye, kwa njia yake, na sisi tukaupata kwa njia yetu. Tunasema damu nzito kuliko maji, na kwa watu naamini hivyo kabisa, lakini rangi ya damu peke yake haikunipa ukoo wa konokono yule.

Nimekulia kwenye mwalo. Baba alikuwa na mtumbwi, mama alianika dagaa juu ya mawe, na sisi watoto tulishinda majini. Kichocho hatukukiita ugonjwa. Kilikuwa kitu cha kawaida kama mafua. Tumbo linauma, choo kina damu, unaambiwa unywe uji. Shuleni walikuja watu wa afya na fimbo ndefu ya kupimia, iliyochorwa mistari, unasimama nayo mgongoni na urefu wako ndio unaosema umeze vidonge vingapi. Vidonge vikubwa, vichungu mno, na lazima uwe umekula, vinginevyo kichwa kinazunguka mpaka ukae chini. Nakumbuka rafiki yangu wa dawati moja alivitapika vyote kwenye mizizi ya mwembe. Tulipona, na Jumamosi tukarudi majini kuogelea.

Hakuna aliyetuonyesha konokono wakati ule. Tulikuwa nao mikononi, tukiwapanga kwenye mchanga kama hela, wakubwa shilingi mia, wadogo hamsini. Wale bapa, waliojikunja kama kamba iliyolazwa chini, tuliwapenda zaidi kwa sababu walikaa vizuri kwenye mstari. Hao bapa ndio wenyewe.

Minyoo ya kichocho cha tumbo, Schistosoma mansoni, haiwezi kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu bila kupitia kwao. Mayai hutoka na kinyesi, yakifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, yanaanguliwa, kiluwiluwi kinamtafuta konokono wa Biomphalaria na kumwingia. Ndani yake kinazaliana wiki kadhaa, kisha vinatoka viluwiluwi vya aina nyingine, maelfu, vinavyotafuta ngozi ya mtu. Kuviona ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Saa nne asubuhi tunaweka konokono mmoja mmoja kwenye vikombe vidogo vyenye maji safi, tunavipanga chini ya taa, tunasubiri. Mwanga ndio unaovitoa viluwiluwi. Mnamo saa sita ukiinua kikombe na kukitazama mbele ya kitambaa cheusi, maji yaliyokuwa maangavu yana vumbi linalotembea. Chini ya hadubini kila punje ina mkia wenye panda, unapigapiga, unapumzika, unapigapiga tena. Mimi huvaa glavu mbili. Kila mara nikivitazama namkumbuka rafiki yangu chini ya mwembe.

Sasa hapo ndipo swali la undugu linapoacha kuwa swali la vitabuni. Vitabu vya zamani vilitaja konokono wawili wa kichocho cha tumbo kwenye Ziwa Victoria lenyewe. Mmoja, Biomphalaria sudanica, anakaa kwenye matete na mafunjo ya ufukweni, ni bapa na mpana. Mwingine, Biomphalaria choanomphala, anakaa ndani zaidi, kwenye mchanga na tope la chini, ni mdogo na mnene kidogo. Ukiwaweka mezani pamoja hata mtoto atakwambia ni wawili. Wataalamu waliochora maumbo ya magamba waliamini hivyo miaka mingi. Watafiti waliokuja kulinganisha DNA za konokono waliookotwa sehemu mbalimbali za ziwa walikuta kwamba herufi za DNA hiyo, zinazobeba urithi, hazifuati mgawanyo wa magamba. Wa matete na wa kina wanachanganyikana. Hitimisho lao ni kwamba hawa ni spishi moja yenye maumbo mawili, gamba likifuata mahali mwenyewe anapoishi, kama vile mti mmoja unavyokuwa mfupi juu ya jiwe na mrefu bondeni.

Fikiria maana yake kwa mtu anayetaka kusafisha mwalo. Kama wa matete wangekuwa jamii ya peke yao, ungekata matete, ungewamaliza, ungelala. Lakini kama ni watu wa nyumba moja, chumba cha mbele ukikisafisha, wa chumba cha nyuma wanahamia. Nimewaona vijana wa kijiji wakifyeka matete siku nzima kwenye jua kali, kwa moyo kabisa, na baada ya miezi michache konokono wamerudi. Nguvu zao zilistahili maelezo haya mapema zaidi.

Ziwa lenyewe linasaidia kuelewa. Tope la chini yake linaonyesha kwamba liliwahi kukauka, na maji yakarudi miaka kama 15,000 iliyopita. Kwa mageuko ya viumbe muda huo ni mfupi sana. Furu wetu, samaki wa humu ziwani, ambao spishi zao zinahesabiwa kwa mamia, wametawanyika kwa maumbo na rangi ndani ya muda huo, na ukisoma vinasaba vyao tofauti ni ndogo mno. Umbo linaweza kukimbia mbele, herufi zikabaki nyuma.

Napenda neno vinasaba. Wengine hulikwepa wakasema DNA tu, na mimi pia hulisema hivyo kazini, lakini neno la Kiswahili limebeba nasaba ndani yake. Ukilitamka umekwisha kutaja ukoo.

Kupata vinasaba hivyo kutoka kwa konokono ni kazi ya kushindana na ute. Yeyote aliyewahi kushika konokono anaujua. Ute ule una sukari ndefu ndefu zinazoshikamana na DNA, na usipoziondoa kimeng'enya cha kunakili hakifanyi kazi. Unapata kichupa kinachoonekana kizuri na matokeo sifuri. Kwa hiyo tunakata kipande kidogo cha mguu, kama punje ya mchele, tunakisaga, tunakiloweka kwenye mchanganyiko wa chumvi na sabuni iitwayo CTAB kwenye joto la nyuzi 60 hivi, kisha tunatia klorofomu na kuzungusha. Maji yanajigawa tabaka. Juu ndiko iliko DNA, katikati kuna utando mweupe wa protini, na hapo mkono haupaswi kutetemeka, maana pipeti ikiugusa utando unaanza upya. Mwishoni unamimina pombe baridi na mara nyingine, mara chache, unaiona kwa macho: uzi mweupe kama pamba iliyolowa, unaoelea. Nimeifanya mara mamia na bado napaona pale kuwa pahali pazuri pa kazi hii yote.

Baada ya hapo ni PCR, njia ya kunakili DNA aliyoibuni Kary Mullis mwaka 1983. Mashine inapasha joto mpaka nyuzi 94 au 95, kamba mbili za DNA zinaachana. Inashuka, vianzishi, yaani vipande vifupi vya DNA vya kuonyesha pa kuanzia kunakili, vinashika mahali pake. Inapanda mpaka 72, kimeng'enya kinanakili. Inarudia hivyo mara 35. Kwa hesabu tupu, nakala moja inaweza kuzaa zaidi ya bilioni 34. Umeme ukikatika kwenye mzunguko wa 19, basi, na hilo limenitokea.

Vianzishi ninavyotumia vilichapishwa mwaka 1994 na Folmer na wenzake, vinaitwa LCO1490 na HCO2198, na vinakamata kipande cha herufi kama 650 cha jeni iitwayo COI, iliyomo ndani ya mitokondria. Vinafanya kazi kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo: konokono, kaa, minyoo. Kwa sababu hiyo kipande hicho kimekuwa kama kitambulisho cha taifa cha wadudu na konokono wa dunia nzima, na ukishasoma chako unaweza kukilinganisha bure na vilivyowekwa kwenye GenBank, ghala la wazi la DNA. Mitokondria hurithiwa kwa mama. Huo ndio utaratibu, lakini kuna walioukataa, na niwataje kwa sababu baadhi ya jamaa zao wamo humu ziwani: kwenye ukoo wa kome wa maji baridi, Unionidae, spishi nyingi dume hurithi pia mitokondria ya baba, na huitunza kwenye viungo vya uzazi. Kwetu Usukumani mahari ikishalipwa mtoto ni wa upande wa baba. Kome hao wamegawana: mwili wa mama, mbegu za baba.

Miaka mitatu iliyopita nilipelekwa Unguja kwa mafunzo ya wiki mbili. Mimi ni mtu wa maji baridi. Bahari nilikuwa nimeiona mara moja tu, Dar es Salaam, kutoka kwenye kivuko cha Kigamboni. Usiku wa bamvua mwalimu wetu alitutoa upande wa mashariki, maji yakiwa yamekupwa mbali, tukatembea juu ya mwamba wa matumbawe na tochi za kichwani. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akichokoa pweza, ndoo imejaa nusu. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kwa ile sauti ndefu ya Unguja, akaja kuona tunatafuta nini.

Tulikuwa tunamtafuta kaitoni. Nilikuwa nimemsoma kidato cha tano, picha moja kitabuni, maneno matatu. Pale mwambani sikumwona mpaka mwalimu aliponishika kichwa na kukielekeza. Alikuwa na urefu wa kidole gumba, rangi ileile ya jiwe, na mgongoni vigae vinane vimepandana kama bati za nyumba. Kuzunguka vigae ulikuwepo ukanda wa nyama wenye vijimiba vifupi, mkavu, unakwaruza kama ulimi wa paka. Nilinyoosha mkono. Yule mama akanizuia: "Usimguse kwanza, mwanangu. Ukimgusa umemkosa." Akachukua kisu chake, akakipitisha chini kwa mkupuo mmoja, akaniwekea kiganjani. Mwingine niliyemjaribu mwenyewe nilimgusa, akajibana, na mpaka leo yuko palepale.

Alipokuwa kiganjani alijikunja kama jongoo, vigae nje, nyama ndani. Kuna spishi kama 1,000 za kaitoni hai, wote wa baharini. Hakuna hata mmoja aliyeingia ziwani au mtoni popote duniani. Huyu alikuwa wa jenasi Acanthopleura. Mchana wanakaa wamebana, usiku maji yakitoka wanatembea kula mwani, na baadhi yao wakimaliza hurudi kwenye kishimo kilekile walichotoka. Meno yao yamefunikwa sumaku. Nasema sumaku kwa maana yake halisi: Heinz Lowenstam alionyesha mwaka 1962 kwamba ncha za meno ya kaitoni ni magnetaiti, madini ya chuma, na ndiyo maana wanaweza kukwangua mwamba. Mwalimu alikuwa na ulimi mmoja uliochemshwa mpaka nyama ikaisha, utepe mwembamba wenye safu za vijino vyeusi. Akaukaribishia sumaku ndogo ya mlango wa friji. Utepe ukaruka ukajishika.

Na wana macho kwenye gamba. Si kichwani, kichwani hawana. Kwenye vigae vya mgongo kuna vitone vidogo mamia, kila kimoja na lenzi yake, na mwaka 2011 Daniel Speiser, Douglas Eernisse na Sönke Johnsen walionyesha kwamba lenzi za Acanthopleura granulata zimetengenezwa kwa aragonaiti, yaani jiwe, na kwamba mnyama huyo anaona umbo la kitu kinachomjia, siyo kivuli tu. Nililala usiku ule nikifikiria mnyama anayetazama kwa mawe.

Nilirudi Mwanza na vipande vya nyama yake kwenye spiriti, pamoja na barua ya kibali. Nikatumia vianzishi vyangu vilevile vya konokono wa kichocho, na vilishika mara ya kwanza. Vichupa vilipakiwa vikasafirishwa nje ya nchi kusomwa, na baada ya wiki kadhaa herufi zikaja kwa barua pepe. Nilizipanga safu: kaitoni wa Unguja, konokono wa Igombe, pweza kutoka ghala la GenBank, kome. Kuna mahali ambapo wote wanne wana herufi ileile, mstari mzima wima, A juu ya A juu ya A. Wametengana zaidi ya miaka milioni 500 na bado neno hilo hawajaliacha. Niliziweka picha hizo kwenye simu na bado ninazo.

Lakini nilipochora mti wa ukoo kwa kipande hicho kimoja, mti ulikuwa wa uongo. Kaitoni alikaa karibu na kome, kwa tawi dhaifu. Nikiondoa mnyama mmoja, tawi linahamia kwingine. Kipande cha COI ni kizuri kwa kutofautisha ndugu wa jana. Kwa ndugu wa miaka milioni 500 ni kama ubao wa darasa ulioandikwa na kufutwa mara elfu. Huwezi kusoma somo la kwanza.

Hili limewasumbua wakubwa kuliko mimi. Linnaeus, mpangaji wa majina ya viumbe, mwaka 1758 alimweka kaitoni kundi moja na chaza wa kutoboa miamba na wale wanyama wa ngozi ngumu wanaojibandika kwenye vyombo, kwa sababu tu wote wana vipande vingi vya gamba. Wale wa vyombo, tunajua leo, ni jamaa wa kaa na kamba. DNA ilipokuja, jeni moja maarufu ya 18S ilitumika sana, na mara nyingi ilishindwa hata kuwaweka moluska wote chini ya paa moja. Mwaka 2006 kundi la watafiti wakiongozwa na Gonzalo Giribet walitumia jeni chache na kupendekeza kwamba ndugu wa karibu wa kaitoni ni monoplakofora, wanyama wa vilindini wenye gamba moja kama kofia na viungo vinavyojirudia mwilini. Hao walidhaniwa wametoweka zamani sana, mpaka meli ya Denmark, Galathea, ilipowapandisha wakiwa hai mwaka 1952 karibu na Costa Rica. Pendekezo la 2006 lilivutia: kaitoni ana vigae vinavyojirudia, huyu ana misuli inayojirudia, kwa nini wasiwe ndugu?

Nimehudhuria vikao vya ukoo vya kugawana mirathi. Akija mtu mmoja akasema marehemu alinitamkia shamba la mtoni, wazee hawamtukani wala hawamwamini. Wanasema, nani mwingine alikuwepo? Wanaita majirani, wanaita shangazi aliyeolewa mbali, wanaita hata adui wa marehemu, maana adui naye hukumbuka. Mwaka 2011 ndipo moluska walipofanyiwa kikao cha namna hiyo. Kevin Kocot na wenzake walisoma jeni 308 kwa pamoja. Stephen Smith na wenzake, katika kazi nyingine iliyotoka mwaka uleule kwenye jarida lilelile la Nature, walifika jeni 1,185, na walikuwa na monoplakofora ndani. Vikao viwili tofauti, jibu moja kwa upande wa kaitoni, na kile kilichokuwa na yule wa vilindini kikaonyesha kwamba si ndugu wa karibu. Ndugu zake ni wanyama wembamba kama minyoo, hawana gamba kabisa, wamefunikwa vijimiba vidogo vya chokaa, wanaishi kwenye sakafu ya bahari. Kundi hilo linaitwa Akulifera, wenye miba. Wengine wote, konokono, kome, pweza, ngisi, wako upande wa pili, Konkifera, wenye gamba. Wapo wanazuoni waliokisia hivyo zamani kwa kutazama ile miba tu, na wakapingwa.

Mwaka mmoja baadaye likaja jiwe. Wachunguzi wa visukuku vya Herefordshire, Uingereza, walitangaza mnyama wa miaka milioni 425 waliyempa jina Kulindroplax perissokomos. Walimpata ndani ya jiwe, wakalisaga tabaka moja moja nyembamba wakipiga picha kila tabaka, mpaka umbo zima likajengwa upya kwenye kompyuta, na mnyama mwenyewe akaishia kuwa unga. Mwili wake ni wa mnyoo, mgongoni ana vigae saba. Nikimtazama namwona yule shangazi aliyeolewa mbali akifika kikaoni jioni, wakati watu wameshaanza kukunja viti.

Niseme jambo moja kuhusu mashahidi, kwa sababu limenigusa. Katika kila PCR tunaweka kichupa kimoja cha maji matupu. Kinatakiwa kibaki kitupu. Asubuhi moja nilipowasha taa ya urujuanimno chini ya jeli tunayotazamia DNA, kichupa cha maji kilikuwa na mstari unaong'aa sawasawa na wa konokono. Maana yake DNA ilikuwa imeingia mahali: kwenye pipeti, kwenye maji, kwenye hewa. Kila kitu cha wiki mbili hakikuaminika tena, pamoja na vichupa ambavyo vilinifurahisha. Tulivitupa vyote. Mkuu wangu hakugomba. Alikaa nami tukaosha pipeti moja moja mpaka jioni. Tangu siku hiyo nikisoma mti wa ukoo wowote, hata wa watu wakubwa, nauliza kwanza kichupa cha maji kilisemaje na mashahidi walikuwa wangapi.

Mashahidi wengi ndio pia waliotupa habari ambayo sijui kwa nini haifundishwi kwenye kila shule ya kando ya ziwa hili. Konokono wa kichocho cha tumbo asili yake siyo Afrika. Mwaka 2001 Randall DeJong na wenzake walilinganisha DNA za Biomphalaria wa mabara yote mawili, na wale wa Afrika wakaonekana kama tawi changa ndani ya mti wa Amerika. Walivuka miaka milioni chache tu iliyopita. Konokono huyu ni dume na jike kwa pamoja, na akikosa mwenzi hujitungisha mwenyewe, kwa hiyo akivuka mmoja tu ameshavuka ukoo mzima. Minyoo ikamkuta huku. Kisha zikaja karne za watumwa. DNA ya minyoo ya kichocho cha tumbo ya Brazil na Karibea inafuata ile ya Afrika Magharibi. Ilivuka bahari ndani ya miili ya watu waliofungwa minyororo, na ng'ambo ikawakuta ndugu wa konokono wetu, wale waliobaki kwao. Wakaipokea. Mpaka leo watu wa huko wanaugua ugonjwa tulioupitia sisi Igombe. Minyoo ya Afrika Mashariki ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi baina yake, alama kwamba imekaa hapa muda mrefu kuliko kwingine.

Hayo yote nilimpelekea bibi mwezi uliopita. Nilimpelekea pia kigae kimoja cha kaitoni, kikavu, umbo la kipepeo aliyefungua mabawa. Bibi ana kibuyu cha marehemu mama yake, kimeshonewa simbi shingoni, kauri za baharini zilizofika Usukumani kwa misafara kabla hajazaliwa. Niligusa simbi moja nikamwambia, huyu ni konokono, ukoo mmoja na wale wa mwaloni, wa upande wenye gamba. Kisha nikamwonyesha kigae nikamwambia, huyu ni wa upande wa pili, wa miba, babu yao mmoja zamani sana.

"Na sisi?" akauliza.

Nikamwambia sisi tumo pia, mbali zaidi, chini ya mti, kabla ya wote hao. Damu nyekundu haihusiki. Alikigeuza kigae juani, akakinusa, akaingia ndani. Alirudi na sindano na uzi. Kigae hakina tundu, na ni kigumu, kwa hiyo alikifungia kwa kukizungushia uzi katikati, hapo penye kiuno cha kipepeo, akakishona shingoni mwa kibuyu kati ya simbi mbili, akavuta fundo kwa meno.